Mtoto Asiye na Moyo

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya yote nauliza hali. Wewe hujambo? Macho yanaonaje? Shemeji Dereva je, goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio? Na wajukuu wako, wale ninaowajua kwa picha tu, wanakua? Nawaombea nyote uzima. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti ukae. Kama miwani iko chumba kingine, mtume mtu akuletee, ila usimtume mtu akusomee. Haya ni yako peke yako, na ukishayasoma utaamua mwenyewe nani mwingine ayajue.

Upande wangu, nashukuru Mungu napumua, ingawa pumzi nayo imekuwa kama mgeni mwenye haraka: inaingia, haikai. Kutoka kitandani hadi dirishani ni safari ya kupumzika njiani. Daktari wetu, kijana mpole mpaka unatamani kumfariji yeye, alinikalisha akanieleza kwamba moyo wangu umechoka. Nikamjibu, kumbe ninao. Alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Binti yako naye akacheka, akamwambia daktari asinisikilize, mama mkubwa ndivyo alivyo. Mimi sikucheka, na sababu nitakueleza humu humu, mkono ukinikubalia.

Usishangae mwandiko. Ule uliokuwa ukisifiwa ubaoni umekwisha. Herufi zangu sasa zinatawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji. Naandika kidogo kidogo. Nikichoka nalala, nikiamka naendelea pale pale. Ningeweza kukupigia simu, lakini unatujua mimi na wewe: kwenye simu sisi ni hodari wa kuulizana hali ya hewa.

Kwanza nikushukuru kwa huyu kitindamimba wako uliyemruhusu aje kuniuguza. Umelea, mdogo wangu. Ana ulimi wako. Siku aliyofika alilikuta lile bomba la jikoni linavuja kama lilivyovuja mwaka mzima, na fundi bomba kila wiki ananiahidi kesho. Binti yako alimfuata hadi kijiweni kwake, akamwambia mbele ya wenzake kwamba ahadi zake zinavuja kuliko bomba lenyewe. Fundi alikuja siku hiyo hiyo, tena na kinywa kimefungwa. Amenitupia dawa zote zilizopitwa na wakati, amenifulia mapazia, na ameniambia waziwazi kwamba mto wangu unanuka uzee. Nimempenda mno. Kila anapoinama kuokota kitu namwona mama, na kila ninapomwona mama nashindwa kula.

Sasa juzi tulianza kufunga mzigo wangu. Wiki ijayo narudi hospitali kulazwa, na kwa jinsi daktari anavyoyakwepa macho yangu, sidhani kama hilo begi litahitajika kurudi. Binti yako alizitandaza nguo kitandani akaanza kuzikunja bapa, kola juu, mikono nyuma, moja juu ya nyingine kama dukani. Begi likajaa kabla nguo hazijafika nusu. Akalikalia, likagoma. Akalitukana, likagoma vile vile. Nikamwambia, hebu nipe.

Vidole vilikumbuka. Nikalilaza gauni kifudifudi, nikaligeuza pindo la chini kwa nje upana wa kiganja, nikaingiza mikono ndani, nikaanza kuviringa kutoka shingoni kuteremka, huku nikikandamiza kila hatua ili hewa itoke. Nilipofika kwenye pindo, nikaligeuza likameza viringo lote, likabana lenyewe bila kamba wala pini. Binti yako alilichukua, akalirusha juu, akalidaka, halikufunguka. Akasema mama mkubwa huo ni uchawi, tena uchawi wenye faida. Tukafunga nguo zote, yeye akishika ncha na mimi nikiviringa, na begi likabaki na nafasi.

Katika kazi hiyo aliniambia jambo moja na kuniuliza jambo moja, na hayo mawili ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Aliniambia kwamba nyumbani kwenu kuviringa nguo ni marufuku. Alisema alipokuwa mdogo aliwahi kuliviringa sweta lake la shule kama alivyowaona wenzake, nawe ukamnyang'anya, ukalikung'uta kama lenye nge, ukasema katika nyumba yako nguo inalala wazi, hakuna anayemficha mwenzake kitu. Hukuwahi kumweleza kwa nini. Alisema pia kwamba hujawahi kugusa cherehani tangu apate akili, hata kifungo kikikatika mnampelekea fundi wa mtaani, na kwamba hadi nilipomsimulia mimi hakujua kuwa mama yake aliwahi kushona. Nilidhani anatania. Wewe, Sindano, usishone?

Halafu akaliinua gauni nililoviringa, akaliweka jichoni kama bomba, akachungulia. Akauliza mbona nimeacha tundu hapa katikati, linaingia kidole, tundu hili la nini? Nikamwambia la hewa.

Tazama mtu. Kaburi liko mlangoni linabisha hodi, na neno la kwanza lililonitoka bado ni uongo.

Wewe unajua lile tundu ni la nini. Hata hivyo niruhusu nikukumbushe ya nyumbani, ili tuwe tumesimama kwenye sakafu moja kabla sijafika ninakokwenda.

Unamkumbuka mama na sanduku lake la kahawia, lile lenye kufuli lililokufa, akizunguka shule kwa shule kuwapima wanafunzi sare. Kila muhula aliondoka nalo, na humo mlikuwa na nguo zake, vitambaa vya mfano, mkasi, futi ya kupimia na kanda za vifungo, vyote katika sanduku ambalo mtu mwingine angetia taulo na viatu likajaa. Ndipo alipotufundisha kuviringa, sisi tukiwa hatujajua hata kufunga kamba za viatu. Na kwa kuwa nguo ikishamezwa na pindo lake inafanana na kichanga kilichofungwa blanketi, mama aliita kila moja mtoto. Nipe yule mtoto wa kijani. Huyu mtoto hajalala vizuri, mfungue umlaze upya. Unakumbuka jirani yetu mnene alivyoingia mbio na mwiko mkononi, baada ya kumsikia mama kupitia ukutani akikufokea, mkandamize huyo mtoto, mkanyage kidogo, akigoma mgeuze kichwa chini atatosha tu? Alitaka kuita polisi. Alipoonyeshwa sanduku alikaa sakafuni akacheka mpaka akaomba maji, na tangu siku hiyo kila akipita alimuuliza mama, watoto wamelala?

Na unakumbuka desturi yenyewe. Mtu wa nyumba yetu akisafiri, anafungiwa na mwenzake, hajifungii mwenyewe, na katikati ya mtoto mmoja kinawekwa kitu. Mama alikiita moyo. Hakikutajwa, hakikuagwa. Msafiri alikikuta akifika, akifungua, na hapo alijua waliobaki wamemruhusu kwa roho safi. Naye akipata nafasi alituma nyumbani mtoto wake, mwenye moyo wake, kuonyesha kwamba amepokea. Mama hakuwa mtu wa kusema nakupenda. Maneno ya namna hiyo aliyaona ni uzi usio na fundo. Aliyotaka kusema aliyasema kwa moyo wa mtoto. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuta katikati ya sketi yangu nyeusi kipande cha chaki yake ya fundi, ile bapa ya kuchorea kitambaa kabla ya kukata. Kilikuwa kimeichafua sketi yote. Nilicheka, nikakiweka kwenye mfuko wa kalamu, nikakisahau. Kumbuka hiyo chaki.

Kisha akaja Dereva. Msalimie sana, na usinielewe vibaya. Mwanaume aliyekutunza hadi leo mimi sina neno naye. Lakini unakumbuka ile hadithi ya vifuniko vya viti vya lori. Aliagiza vifuniko vya viti, nawe ukavishona kwa muda mrefu kuliko gauni la bibi harusi. Wiki hii vimebana, wiki ijayo vimelegea. Mama alikuwa wa mwisho kuelewa ni nini hasa kilicholegea. Na alikuwa amekwisha kununua cherehani ya pili, akaiweka kando ya yake, upande wa dirisha, akawa anakuonyesha wewe kwa wateja, akisema yule ndiye mkono wangu, mimi nikichoka mtashonewa na yule. Ulipomwambia kwamba unaondoka na Dereva, alisema hawezi kumpa mtoto wake mwanaume ambaye nyumba yake ina magurudumu. Wewe ukasema afadhali nyumba yenye magurudumu kuliko yenye kufuli. Naye akasema ukitoka na huyo, usinitafute.

Basi nyumba ikanyamaza, mimi nikawa daraja. Tulikaa meza moja, watu watatu, mama akisema, Mwalimu, mwambie mdogo wako chumvi iko mbele yake. Nawe ukisema, dada, mwambie mama nina macho. Mimi nikigeuza shingo huku na huku kama pangaboi. Wageni walicheka. Mimi nililalamika kwa kila mtu kwamba mnanichosha.

Sindano, nilikuwa nalalamika kwa mdomo tu. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kabla ya ugomvi ule nyinyi wawili mlikuwa na lugha yenu. Mliongea kwa vitambaa, kwa mapindo, mama akiinua tu nyusi nawe ukajua ni sindano namba gani anataka. Mimi nilikaa kando na madaftari yangu ya kusahihisha, msomi wa nyumba, niliyeheshimiwa na kusahauliwa. Mlipogombana, kwa mara ya kwanza mlinihitaji. Hakuna aliyeweza kuomba hata maji bila kupitia kwangu. Sikuwahi kuwa na kazi tamu kama ile, na nimefundisha maisha yangu yote.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu inataka kusimama. Niliiacha ikalala jana mchana kutwa, leo nimeirudia.

Siku uliyoondoka, Dereva alikuwa aje kukuchukua alasiri. Asubuhi ulikwenda kuwaaga majirani. Mama aliniita kwenye chumba cha kazi. Hakuinua uso. Aliivuta subana yake kidoleni, ile ya shaba, iliyobonyea upande mmoja kwa miaka ya kusukuma sindano, na kidole chake kilibaki cheupe na chembamba pale ilipokuwa, kama kisichokuwa chake. Akaniwekea kiganjani. Akasema, muwekee moyoni, kwenye lile gauni la bluu. Usimwambie, atajua. Halafu akageuka akaendelea kushona pindo kwa mkono bila subana, na kabla sijatoka mlangoni nilimwona amejichoma, ananyonya kidole.

Ndiyo, Sindano. Kulikuwa na moyo. Subana ya mama ilikuwa yako. Alikupa kazi yake, mkono wake na ruhusa yake kwa mpigo mmoja, naye alikwisha kukusamehe hata lori halijafika.

Niliingia chumbani kwetu nikafunga mlango. Nililitandaza gauni la bluu, nikaiweka subana, nikaviringa. Nikamweka mtoto juu ya wenzake sandukuni, nikakaa kitandani nikimtazama. Nikakuona ukifungua huko uendako, ukilia, ukikimbia kurudi hapo mlangoni, mama akiinua nyusi, na nyinyi wawili mkiongea tena lugha yenu. Nikajiona mimi nimerudi kwenye kona yangu. Nikakumbuka pia chaki. Nikajisemea, mkubwa nilipewa chaki iliyochakaa, mdogo anapewa subana, na kosa ni la nani, aliyekaa au anayeondoka?

Nikamtoa yule mtoto. Nikamfungua. Nikaitoa subana nikaitia kifuani. Nikamfunga upya, mtupu, na ili kusiwe na cha kushuku nikamfunga kwa uangalifu wote niliofundishwa: mgumu, laini, pindo limenyooka kama limepigwa rula. Sijawahi kumfunga mtoto mzuri kuliko yule.

Nilijiambia nitakutumia baadaye, mkishatulia. Nitakuwa mimi niliyewapatanisha, nyote mtanishukuru. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na mtu aliyesoma akijidanganya hutumia hoja nzuri sana.

Lori lilipoondoka mama alikuwa nyuma ya pazia. Aliniambia, atafungua akifika. Akaanza kusubiri. Kila aliposhuka mtu na mzigo kutoka kwenye lori la rafiki yake Dereva, mama aliacha mguu wake ukining'inia juu ya pedali ya cherehani, akisikiliza. Ukapita muda mrefu, mpaka siku moja kweli kikaja kifurushi chako. Ulikuwa umemshonea gauni, lile la maua madogo meupe, kola ya mviringo. Ulilishona bila kumpima, kwa kukumbuka tu.

Lakini, mdogo wangu, ulilikunja bapa.

Najua kwa nini. Ulifungua mtoto wako huko ukamkuta hana moyo, basi na wewe ukaapa kutomtumia mama mtoto yeyote. Hiyo ilikuwa haki yako. Ila mama hakulijua hilo. Aliliweka gauni juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole kwenye mikunjo, mmoja baada ya mwingine, akaingiza mkono katikati akapapasa, akautoa mtupu. Akasema, amekuwa mtu wa dukani sasa. Kisha akaniuliza, akinitazama machoni, kama ile subana niliiweka kweli kwenye lile la bluu. Nikasema niliiweka, mama. Akasema, basi amejibu.

Ningeweza kusema pale. Subana ilikuwa chumbani mwangu, hatua chache tu. Mama alikuwa mtu wa kusamehe ukimpa muda. Badala yake nikamwuliza kama anataka chai. Yeye hakukutumia shukrani kwa gauni kwa sababu alidhani umemkataa. Wewe hukupata shukrani ukadhani amekukataa. Juzi tu, kwa mdomo wa binti yako, ndipo nilipojua kwamba ile ndiyo nguo ya mwisho uliyoshona.

Halafu mazishi. Ulifika umevaa kitambaa kimeinamishwa hadi kwenye nyusi. Watu walipopungua tulisimama mimi na wewe kwenye chumba cha kazi, kati ya cherehani mbili, ukaniambia bila hasira, kama mtu anayesimulia ya jirani: nilifungua wote, dada, nilifungua hata soksi. Ukaniuliza kama siku ile mama alisema lolote juu yako. Nami nikasema, unamjua mama.

Maneno hayo tu. Nilijisifu moyoni kwamba sikudanganya. Nimeyarudia kwa miaka yote hii, nikiosha vyombo, nikisubiri basi, nikiwa mbele ya darasa nimeshika chaki. Hata soksi. Unamjua mama. Hata soksi. Unamjua mama.

Hiyo chaki nayo, niliielewa nikiwa nimekwisha kustaafu, siku niliyoikuta kwenye mfuko wa zamani wa kalamu. Mama alikuwa akichora nayo mstari wa kwanza kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hakunipa takataka. Alinipa mwanzo wa kazi yake kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuchora mistari ya wengine, na wewe akakupa mwisho wake, wa kumaliza na kufunga fundo. Aliona tofauti yetu na akatupenda sote wawili. Mimi nilihesabu kipi kinang'aa.

Sasa limebaki moja, na hili ndilo zito kuliko yote, maana yale mengine niliyafanya nikiwa na hasira, hili nimelifanya kila siku nikiwa na akili timamu.

Mama alipolala kitanda cha mwisho, macho yakiwa yamekwisha, aliniagiza nifungue kabati lake la chumba cha kazi, nyuma ya shuka. Palikuwa na mtoto. Ni lile gauni lako la maua meupe, ameliviringa mwenyewe, sijui siku gani. Akanipa agizo, nami nikaahidi huku nimemshika mkono: huyu ni wa Sindano. Akija kunizika, mpe mkononi. Usimfungue.

Ulipokuja kumzika, mtoto huyo alikuwa kwenye kabati ulilolipa mgongo ukiniuliza swali lako. Niliogopa. Nilijua ukimpata utaniuliza la pili, na la tatu, na uzi mmoja ukivutwa nguo yote inafumuka. Nikasema unamjua mama, ukaondoka mikono mitupu. Nimemhamisha mtoto huyo nyumba hadi nyumba. Nimemtolea nondo, nimembadilishia karatasi, nimemlea kuliko nilivyolea kitu chochote duniani.

Sijamfungua. Hilo moja sikulifanya. Nimemkandamiza kwa vidole mara nyingi nikijaribu kuhisi kama ana kitu, lakini unajua mama alivyokuwa akikaza, hasemi. Naogopa kwa siri jambo moja: kwamba huenda hana moyo. Kwamba mama alimfunga mtupu, kwa uchungu, akidhani anakulipa kwa kipimo chako. Ukimkuta hivyo, nakuomba usimlaumu. Moyo wake ulikuwa kwangu, ndani ya soksi, kwenye mtoto wa meza, droo ya kalamu zangu.

Binti yako atakukabidhi begi dogo. Ndani yake mna watoto wawili. Mmoja ni sweta langu la kijivu. Utaona nimelifunga vibaya, pindo limelegea, mikono haina nguvu tena, na machozi ya mzee hayasaidii kazi. Katikati yake imo subana. Jaribu kidole. Mwingine ni yule wa mama. Mfungue ukiwa peke yako.

Na kuna maneno yaliyoambatana naye, niliyopewa nikuletee, nikayakalia. Mama alisema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: mwambie gauni lilinitosha. Hakunipima, lakini lilinitosha. Sijui alilivaa lini. Nafikiri ni siku moja nikiwa kazini, peke yake, mbele ya kile kioo walichojitazamia wateja. Pale kitandani alinishika mkono akarudia, mabega, kiuno, urefu, kila mahali. Mwambie.

Basi nimekuambia.

Siombi msamaha, sina pa kuuwekea. Ukitaka kunijibu usisumbuke na karatasi. Nifungie mtoto, chochote, hata kitambaa cha jikoni, umpe binti yako aniletee hospitali. Mikono yangu itakuwa bado inaweza kupapasa, na akiwa hana moyo, nitampokea, ndiye wa saizi yangu. Usipotuma kitu, hilo nalo ni jibu.

Nisalimie shemeji, mwambie vile vifuniko vya viti mimi nilivishtukia mapema kuliko mama, na sikusema. Kumbe hata kunyamaza kwangu kuliwahi kumfaa mtu. Wabusu wajukuu. Na tafadhali usimgombeze binti yako ukimwona anaviringa nguo. Nimemfundisha mimi, naye ana mkono mzuri kuliko wangu. Leo asubuhi ameniuliza tena kuhusu lile tundu, akasema jibu la hewa halijamwingia akilini. Nimemwambia akifika nyumbani amuulize mama yake.

Ndimi dada yako,
Mwalimu